Kware wa Mama

Bizerte, 2 Aprili

Kwa mdogo wangu Mongi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Goti la shemeji yako Ridha limepata nafuu, sasa maumivu yamehamia mgongoni, analalamika toka asubuhi hadi jioni. Binti yetu Emna anataka kwenda kusoma Sousse, baba yake hataki, mimi nataka, kwa hiyo nyumba yetu ina kelele kuliko soko la samaki. Mama yu hali gani? Mwambie dawa yake ya presha asiisindikize na kahawa.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu hupokei tangu Idi. Nilimwomba jirani yenu Beya akuulize kulikoni, akaniletea jibu lako: "Mwenye neno aliandike, maneno ya mdomo yana uongo mwingi." Haya, nimeandika. Nimempa dereva wa teksi ya Haouaria na bahasha nimeibandika mwenyewe, usije ukasema imesomwa na watu.

Jambo unalijua. Baridi hii tulikwenda ziwani na wenzangu wa chama cha kulinda ndege kuwahesabu bata bukini. Hatukuwa na cha kuhesabu. Mvua hazikunyesha, ziwa lilikuwa tope, na pembeni tope lenyewe lilikuwa limepasuka vipande vipande. Nilisimama pale nikalia mbele ya watu na sioni haya kukuambia.

Huko kwenu mlimani mambo ni hayo hayo, ila nyinyi mmefumba macho. Vipanga wanaopita kila masika kwenda kuzaa nchi za baridi wanapungua. Kware nao wanapita mapema kwa kuwa joto limewahi. Mpaka mumnase kipanga, mumzoeze mkono na watu ili awawindie, kware wameshavuka bahari. Ndipo mnakaa na ndege wa watu mkononi hadi Juni mkimsubiri kware asiyekuja, kisha mnamwachia juani na kujisifu kwamba mmemrudishia Mungu kiumbe chake. Kipanga wa Juni hafiki popote, Mongi. Nchi imekauka, bahari ni pana na msimu wa kiota umeshapita.

Chama kimeandika ahadi ya mstari mmoja: kila kipanga aachiwe ifikapo katikati ya Mei, kware awe amepatikana au hajapatikana. Hatujasema muache kuwinda. Wewe ndiye mkuu wa wawindaji. Ukitia sahihi wewe, wote watatia, na usipotia hakuna atakayegusa kalamu. Nakuomba.

Dada yako,
Zbeida


El Haouaria, 19 Aprili

Kwa dada yangu mkubwa, Bibi Mkubwa wa Ndege Wote wa Angani,

Waalaikum salaam. Sisi wazima. Mama mzima, kahawa anakunywa, na dawa anaisindikiza na hiyo hiyo kahawa, njoo umkataze mwenyewe. Paa la jiko limevuja mvua iliponyesha siku moja, nimeliziba. Nakutajia paa kwa kuwa wewe umezoea kuuliza hali kutoka mbali, nyumba ikizibwa na wengine.

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka.

Kwanza, hao bata bukini wenu. Mlipoanza kuwahesabu walikuwa wengi, leo hawapo. Sasa mnataka kuja kutuhesabia vipanga! Tuacheni, dada. Kwetu hakuna aliyekaa na daftari, na ndege wapo.

Pili, kipanga nimeshampata. Jike, mkubwa, macho ya manjano kama kiini cha yai, amenasa kwenye wavu wa Baba, pale pale kwenye jiwe la Baba. Siku ya kwanza alinirarua kidole mpaka mfupa. Sasa natembea naye kila mahali. Ameketi nami mkahawani, amenisindikiza sokoni, amesikia pikipiki, watoto, ugomvi wa muuza sardini na mkewe. Jana alikula nyama mkononi mwangu huku watu wanacheza karata na kupiga meza. Wazee waliniambia, "Mkuu, huyu ni bibi harusi." Wewe ungeona karatasi tu.

Tatu, na hili nalisema taratibu ili likuingie. Kipanga wa nyumba hii haachiwi mpaka mama mwenye nyumba aonje kware wake wa kwanza. Bibi alionja. Mama ameonja kila mwaka tangu alipoolewa humu. Baba alikuwa anamwekea sahani mbele yake kabla hajajitilia mwenyewe, wewe na mimi tukitazama. Mama haoni vizuri siku hizi, lakini kila asubuhi nikirudi anauliza, "Umepata?" Unataka nimjibu nini? Kwamba binti yake ameandika mstari mmoja huko Bizerte na kware wake amefutwa?

Mwacha mila ni mtumwa. Wewe uliiacha ulipopanda gari la harusi, na sikukulaumu, maana mwanamke huenda kwa mumewe. Ila usirudi na kalamu kutufundisha nyumba yetu.

Sahihi sitii.

Mongi


Bizerte, 4 Mei

Mongi,

Hatujambo. Emna ameshinda, anakwenda Sousse. Nifikishie salamu kwa Mama.

Nimefurahi umecheka. Umecheka habari ya ziwa lililokauka. Baba alikuwa anatupeleka pale ziwani, kwa shangazi, tukiwa wadogo, ukiwafukuza bata ufukweni mpaka unaangukia maji, na leo ukikimbia pale utaangukia vumbi. Endelea kucheka.

Unaniambia niliondoka. Miaka yote neno lako ni hilo, kama vile nilitoroka na ng'ombe. Nimeolewa, Mongi, kama walivyoolewa mama zako wote. Na paa ulilolitaja, Ridha alililetea bati lake mwenyewe juu ya gari, ukalikataa, ukasema nyumba ya Baba haihitaji bati la mkwe. Sasa unaniandikia kwamba limevuja.

Turudi kwenye ndege. Sijasema Mama asile kware. Nimesema kware hawapo. Je, wapo? Umeandika ukurasa mzima kuhusu macho ya kipanga na karata za mkahawani, lakini hukuandika kama umepata hata kware mmoja. Wewe ambaye ukipata kware saa mbili, saa tatu mji mzima unajua. Kimya chako nimekisoma vizuri kuliko maneno yako.

Nawe unajua kilichomo ndani ya ndege huyo. Ana mayai ya kwenda kutaga. Kila juma unaloketi naye mkahawani ni juma la kiota kinachomsubiri kule kwenye misitu. Ukimchelewesha, hutamwua yeye peke yake.

Basi nimetafuta njia ili mila isivunjike na ndege asife. Dereva atakuletea kitundu. Ndani mna kware wawili, nimewanunua kwa mfugaji hapa Bizerte, wanono, wazima. Mchinjie Mama, Beya ampikie, aonje. Mama akishaonja umetimiza, mpeleke kipanga mlimani kesho yake. Hakuna atakayekuuliza kware ametoka wapi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu wako ni mimi, ukubwa wako wa wawindaji hauhusiani.

Zbeida


El Haouaria, 15 Mei

Zbeida,

Kitundu kimefika. Dereva alikiteremsha mbele ya mkahawa, watu wote wamekaa, akapaza sauti: "Mkuu! Dada yako kakuletea kware, anasema huwezi kuwinda!" Hiyo ya mwisho aliongeza mwenyewe au ulimtuma, sijui na sitaki kujua. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mimi, mtoto wa Baba, niliyemrusha kipanga wa kwanza nikiwa bado sijaota ndevu, naletewa kware wa banda kwenye kitundu cha plastiki cha bluu!

Kware waliolala chini ya taa ya umeme na kula chakula cha gunia. Hawajavuka hata mtaro wa maji. Na wewe unataka nimwekee Mama kitu hicho mezani, kwenye sahani ya Baba, na nimwambie "onja, mama"? Nimdanganye Mama asiyeona? Ndiyo mila ya chama chenu hiyo?

Nimempa Beya kitundu na vilivyomo. Nimemwambia akitaka awale, akitaka awafuge, asiniletee habari zao.

Umeuliza kama kware wapo. Kware watakuja. Upepo haujageuka vizuri mwaka huu, basi. Kila alfajiri niko mashambani, kipanga mkononi, mbwa mbele. Ngano imekauka mapema na watu wameshavuna, ndege hana pa kujificha, lakini kule bondeni karibu na visima bado pana majani. Watakuja. Msituhesabie siku.

Wenzangu wanauliza habari ya karatasi yako. Wawili watatu wanayumba, nimewaona, wanasema joto kweli limezidi. Nimewaambia anayetaka kutia sahihi atie, ila asiniite mkuu wake tena. Wamerudi kwenye karata zao. Kwa hiyo usipoteze wino.

Nawe usimtaje Baba kwa ziwa wala kwa bata. Mwaka wake wa mwisho nilimwosha kwa mikono hii. Wewe ulikuja siku ya tatu ya msiba.

Mongi


Bizerte, 29 Mei

Mongi,

Salamu sina.

Mama amenipigia kwa simu ya Beya. Alinong'ona, anakuogopa, mwanamke wa miaka themanini anamwogopa mtoto aliyemzaa! Amesema, "Zbeida, ndege huyu anahema mdomo wazi mchana kutwa, mimi simwoni lakini namsikia." Amesema hata njuga zake za miguuni hazilii tena kama zamani.

Katikati ya Mei imepita. Redioni wanasema upepo wa moto unatoka jangwani juma lijalo. Huku kwetu mbayuwayu wanaanguka kwenye paa za bati, tunawaokota wamekufa. Mwachie huyo ndege leo. Usisubiri kesho wala shughuli ya mjini ya wawindaji, ambako utasimama na kanzu nyeupe upigwe picha na wageni.

Nilikuja siku ya tatu kwa sababu siku ya kwanza hukunipigia, wala ya pili. Nilipata habari ya kifo cha baba yangu kwa muuza mkate. Nilinyamaza miaka yote hii, na nilikuwa ninyamaze mpaka kaburini, lakini umeanza wewe.

Usipomwachia nakuja huko na watu wa idara ya misitu, na kibali chako cha kuwinda watakichukua mbele ya huo huo mkahawa. Nimeapa.

Zbeida


El Haouaria, 10 Juni

Zbeida,

Usije na mtu. Kipanga nimemwachia. Jiweni pa Baba, nimemkatia kamba na njuga, nimemlisha kwanza, kama desturi. Mama ameshaonja.

Hayo ndiyo uliyotaka. Sasa tuache.

Mongi


Bizerte, 22 Juni

Mongi,

Nilipoipata barua yako nilikaa kitako jikoni nikamshukuru Mungu. Nilimwambia Ridha, "Mdogo wangu ana kichwa kigumu lakini si mtu mbaya." Nilikwenda kwenye chama nikasimama mbele ya watu nikawaambia mkuu wa wawindaji wa Haouaria amemwachia ndege wake, kwa hiari yake. Walipiga makofi. Walikupigia makofi wewe, Mongi, na mimi nilisimama pale nikijivuna kwa ajili yako.

Jana Mama akanipigia.

Nimeijua habari yote sasa, na nitaiandika kama alivyoniambia, ili siku nyingine usiseme maneno ya mdomo yana uongo.

Beya aliwachinja wale kware wa banda, akawapika kwa nyanya na mbaazi changa, akamletea Mama sahani wewe ukiwapo. Mama alitafuna tonge moja akasema, "Kware huyu hajaiona bahari." Beya akaona haya. Lakini Mama akala yote, akafuta mikono, akakuita. Akakuambia, "Mongi, mimi nimeshaonja. Ni kware, nimeonja, mila imetimia. Mpeleke mtoto wa watu mlimani." Ndivyo?

Nawe ukamjibu, "Siku mbili tatu, mama. Nikuletee wa kweli."

Hiyo ilikuwa Mei, kabla ya barua yangu ya mwisho. Kwa hiyo mlango alikufungulia mwenye mila yake mwenyewe, akaufungua wazi, ukakataa kutoka. Usiniambie tena habari ya Mama. Haikuwa kwa ajili ya Mama. Uliogopa kurudi mkahawani mikono mitupu, mkuu wa wawindaji, ukaulizwa na wacheza karata.

Kisha upepo wa moto ukaja. Mama anasema alisikia njuga zikilia mara moja kwa nguvu, na baada ya hapo hakusikia kitu. Anasema umemfunga kwenye kitambaa cha kilemba cha Baba na kumzika chini ya mkomamanga wa uani, ukafikiri yeye kwa kuwa haoni basi hajui jembe linalia vipi.

Ukanidanganya. Nami nikasimama mbele ya watu nikawadanganya.

Nilitaka kuwaita watu wa misitu. Nimeshika simu mara kadhaa. Mama amenisihi nisifanye hivyo. Ningekuwa na moyo wako ningefanya.

Sina la kuongeza. Nyumba yenu hiyo kaeni nayo.

Zbeida


El Haouaria, 3 Septemba

Dada,

Mama hajambo. Komamanga mwaka huu zimepasuka kabla hazijaiva, jua limezichoma, hakuna za kukuletea.

Barua yako imekaa mfukoni mwangu toka Juni. Kila nikikaa kuijibu nilikuwa naandika matusi, nachana, naanza tena. Leo sina matusi, yamekwisha.

Uliyoandika ni kweli. Kuna moja tu Mama hakuijua. Njuga zile zililia kwa kuwa nilikuwa nimemshika. Toka asubuhi nilimweka ndani, nikaloanisha shuka nikaitundika dirishani, nikampepea kwa sinia la shaba, nikamwekea maji akakataa. Alasiri nikamchukua mkononi, nikasema nimpeleke mlimani, pengine huko juu pana hewa. Tulikuwa hatujavuka kizingiti. Akanikamata mkono kwa makucha yote, kwa nguvu kuliko hata siku ile aliyonirarua, nikafikiri amepata uhai. Kisha akalegea. Nikakaa pale mlangoni naye mkononi mpaka adhana ya magharibi, nikilia, mwanaume mzima. Waandikie chama chenu na hilo.

Mwaka mzima sijapata hata kware mmoja. Uliniuliza sikukujibu. Hata mmoja, Zbeida. Na siku alipokufa niliona haya mbele ya watu zaidi kuliko nilivyomhurumia yeye. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Juzi nilikwenda mkahawani nikawaambia wote, wamekaa vile vile na karata zao. Nikasema, mkuu wenu amemwua kipanga kwa kiburi. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akasema, "Wangu pia mwaka juzi, nilisema ameruka." Mwingine naye akasema. Walikuwa wengi, dada. Tumekuwa tukiwazika kila mmoja uani kwake na kuambizana wameruka.

Wote watatia sahihi. Wameweka sharti moja, nitangulie mimi.

Usifikiri nimekusamehe maneno ya dereva pale mkahawani wala kile kitundu cha bluu. Na sijui kama wewe utanisamehe ile siku ya tatu, sikuombi. Nilikuwa na simu mfukoni nikaogopa kukuambia Baba amekufa, kwa sababu ningelitamka lingekuwa kweli. Ukitaka kuliita hilo kiburi, liite.

Karatasi yenu ilete kabla ya masika. Mpe dereva. Wewe usije nayo. Nikikuona mlangoni umeishika nitaichana, na sitaki kuichana.

Mongi